Viatu vya Kushoto

Mzee Kushoto aliitwa hivyo kwa sababu kwenye rafu za duka lake la viatu alipanga viatu vya kushoto tu. Vya kulia alivifungia stoo, maana mwizi hana haja na kiatu kimoja. Wateja waliketi kigodani, naye akapiga magoti kuwavisha. Walitembea hatua tatu, wakasifu. Kisha walipiga picha namba ya kiatu, wakaagiza kwenye simu kabla hawajavuka kizingiti.

Mwenye nyumba alishasema: viatu visipopungua rafuni kufikia mwisho wa mwezi, chumba kitakuwa stoo ya vifurushi vya wanaoagiza kwenye simu.

Ndipo viatu vikaanza kutoka. Saa kumi alasiri kiatu kilishuka rafuni, kikaufuata mguu uliokijaribu, ko, ko, ko. Kilisimama mlangoni pa mwenye mguu, ncha ikielekea ndani, kikangoja. Fundi cherehani jirani alirudisha cha kwake kila jioni, kimefutwa vumbi.

"Mzee, kimekuja tena."

"Hakijasumbua?"

"Hata. Kinasimama tu. Ila watoto hawataki kukipa mgongo."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

Fundi alicheka, akaaga. Hakununua.

Siku moja kilishuka cheusi chenye kifungo, ambacho mzee hakukumbuka kumvisha mtu. Alifunga duka, akakifuata. Kilipita bombani, kikapanda ngazi ambazo mzee alizijua, kikasimama mlangoni pa chumba cha binti yake, muuguzi, aliyemshikia duka Jumanne mzee alipokwenda kula. Binti alifungua. Miguuni alikuwa na viatu vya aina hiyohiyo, vipya. Boksi la kifurushi lilikuwa kitandani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Vimekukaa?"

"Cha kushoto kinabana."

"Ungeniambia, ningekunyooshea."

"Niliona haya kukuomba. Na simu ilikuwa mkononi."

Ilimuuma sana. Hata hivyo alipiga magoti, akabonyeza ngozi kwa kidole gumba kutafuta kinapobana, akaomba gazeti la kukijazia.

Mwisho wa mwezi vifurushi viliingia dukani. Viatu vya kushoto vimebaki vimesimama milangoni mwa watu, nao huviruka wakienda kazini. Cheusi bado kiko kwa binti. Vya kulia viko kwenye gunia chini ya kitanda cha mzee, na saa kumi ikifika husikika vikijigeuza. Hakuna aliyewahi kuvijaribu, kwa hiyo havijui pa kwenda.