Fulana Zenye Macho

Tuneya alikuwa akiuza fulana mtandaoni kwa bei ambayo hata mitumba ya soko la Garsen iliiona haya. Kampuni ya tochi ilimlipia gharama, naye akaichapia nembo mgongoni: macho mawili makubwa ya simba, yanayong'aa hata kivulini. Galgalo, mchungaji wa ng'ombe, alimwomba ayaweke kifuani.

"Mdhamini anataka mgongoni, kaka. Ndiko kwenye nafasi."

Ila mchungaji wa huku hutangulia, ng'ombe wakamfuata. Hilo Tuneya, mtoto wa wakulima, hakulifikiria mpaka asubuhi aliyokuwa kijijini Hewani akipanda mpunga na mamake, Bahiya, kando ya malka, njia ya mifugo kwenda mtoni.

Galgalo akatokea, kavaa fulana. Nyuma yake kundi zima lilikuwa limegoma, pua zikipuliza. Akigeuka kuwaita, wanasogea. Akiwapa mgongo, wanagutuka, na wale wa nyuma wenye kiu wanawasukuma wa mbele. Ardhi ikatetemeka hadi Tuneya akaisikia kwenye magego.

Wakitimka, pa kupitia ni shambani tu. Na Bahiya na goti lake bovu alikuwa ameketi katikati.

"Mama, inuka polepole."

"Polepole ndiyo yangu siku zote. Kuna nini?"

Kupiga kelele kungewatimua. Tuneya akamwendea Galgalo.

"Vua," akanong'ona.

"Vua nini, dada? Mbele ya mama yako?"

"Fulana! Ng'ombe wako wanaona simba!"

Galgalo akashika ukosi, akaivuta juu. Macho yakapanda, yakampita kichwa, yakasimama hewani kama simba aliyeinuka kwa miguu miwili. Fahali wa mbele akainamisha pembe.

Tuneya akafungua leso kiunoni, akayafunika yale macho, na kichwa cha Galgalo humo humo. Fahali akashusha pumzi, akapita karibu hata mkia ukamchapa Tuneya shavuni, akashuka mtoni, wenzake nyuma. Bahiya alikuwa bado anahangaika kuinuka.

"Naweza kutoka?" Galgalo akauliza ndani ya leso.

Tuneya alikuwa tayari akimpigia simu Rayyan wa Nanighi, mwenye mifugo aliyewanunulia wachungaji wake wote fulana hizo.

"Dada!" Rayyan akapokea kwa furaha. "Zimetukaa kweli kweli! Tuko malka saa hii, mimi mbele. Ngoja kidogo... mbona ng'ombe wamesimama?"