Hina ya Mwakilishi

Asubuhi, kabla ya kukaa kwenye mabenchi ya kubangulia, wanawake wa kiwanda cha korosho cha Ganda walijipaka majivu vidoleni. Majivu husaidia kidogo tu. Mafuta ya maganda yanababua ngozi, na mwaka ule wa themanini na nne vidole vya Kuluthumu vilikuwa vyeusi, vimepasukapasuka. Zamani ndiye aliyewachora hina maharusi wa Malindi. Sasa bibi harusi akiviona vidole vile, husema ataolewa hivyo hivyo, ahsante.

Walimchagua Batuli awe mwakilishi wao wa chama cha wafanyakazi, akawadaie glavu. Batuli akaingia kwa meneja, akanywa chai, akatoka mikono imechorwa hina. Hakuna aliyempaka. Ngozi ilikuwa imepona, laini, na maua yamemtambaa hadi vifundo vya mikono. Wenzake wakasema mashaallah, wakaendelea kubangua. Glavu hazikuja.

Kila alipoingia kudai glavu, maua yaliongezeka. Kuluthumu aliona wivu. Angalau basi michoro ingekuwa mibaya! Ilikuwa safi, hata yeye hakuona pa kuikosoa, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mwanamke asiyejua hata kukoroga hina, apewe mikono ile?

"Batuli, mwenzangu, unatutetea au unajipamba?" alimuuliza mbele ya watu.

"Nawatetea, dada. Meneja asema tusubiri."

Uchaguzi ulipofika, Kuluthumu alipanda juu ya gunia, akawaonyesha vidole vyake vinavyotoka damu, akaapa kwamba chai ya mtu hatainywa. Wakampa kura.

Jumatatu meneja alimpa kiti, akamwita mama, akamsikiliza vizuri sana. Chai hakuigusa. Alipotaja glavu, ule mpasuko wa kidole gumba ukajifunga, na ua la kwanza likachomoza. Meneja akasema labda mwezi ujao. Kuluthumu alilitazama lile ua. Akasema haidhuru.

Alitoka maua yamempanda hadi viwikoni, kumzidi Batuli, ambaye yake yalikuwa yameshafifia. Kuluthumu alifurahi, tena alifurahi kweli kweli.

"Glavu je, dada?" akauliza Mueni, mgeni kutoka Kitui aliyekaa benchi la nyuma.

"Tusubiri," akajibu Kuluthumu, huku akipandisha mikono ya buibui ili waone vizuri.

Mueni aliitazama mikono ile kwa muda mrefu. Kisha akauliza uchaguzi mwingine ni lini.