Pumzi Tatu za Mzee Qiu

Pang Delin alifika mji wa Changshu, Uchina, na kopo la chai ya bei mbaya, akaliweka mezani kwa mikono miwili. Bibi Wanrong hakuligusa. Miaka hamsini na mitatu! Leo ndiyo anakumbuka mlango uko wapi.

"Dada," Pang akaanza, maana wote wawili walifundishwa guqin, kinanda cha nyuzi saba, na mtu mmoja, mzee Qiu, baba yake Wanrong. "Yaliyopita si ndwele."

"Kwako wewe. Aliyeugua hayupo akujibu."

Pang akainamisha kichwa. Mwaka ule vijana wa mapinduzi, wenye vitambaa vyekundu mikononi, walipovamia nyumba, ni yeye, mwanafunzi kipenzi, aliyewaonyesha ukuta kilimofichwa kinanda cha mzee. Walikipasua kwa shoka, wakampigisha mzee magoti juu ya vipande. Mzee hakuumaliza msimu ule wa baridi.

Sasa Pang alitaka wimbo mmoja, "Theluji Juu ya Gati", uliokuwa wa nyumba ile peke yake. Karatasi zake alikuwa nazo. Lakini karatasi za kinanda hiki zina uchoyo: zinakwambia kidole gani, uzi gani, uguse wapi. Ukae muda gani kabla ya mlio unaofuata, hazisemi ng'o. Hilo mwalimu humpa mwanafunzi wakiwa wameketi uso kwa uso. Pang hakuwahi kupewa wimbo huo. Wanrong alipewa, na duniani kote alibaki yeye.

"Naandika kitabu," Pang akasema. "Nina saratani, dada. Usipoupiga, tutazikwa nao."

"Mwenyewe alipozikwa mbona hukuja?"

Hata hivyo Wanrong akaketi kwenye kinanda chake, na Pang akawasha simu irekodi. Hapo ndipo nyongo ilipompanda bibi wa watu. Katika sehemu ya tatu baba yake alikuwa akisubiri pumzi tatu nzima, mkono umetulia juu ya nyuzi, na katika kimya kile ungeapa theluji inaanguka. Yeye akavuta pumzi moja tu, akaendelea. Penye pole akakimbia, penye mbio akakokota. Haya, kula hiyo, msaliti!

Pang alikuwa akibubujikwa na machozi. "Ndivyo hasa! Kama namsikia mwalimu!"

"Ndivyo," Wanrong akajibu. Alilala vizuri usiku huo, kuliko miaka mingi.

Pang akafa kabla kitabu hakijatoka. Kilipotoka, ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya mzee Qiu, na wimbo ukaandikwa kuwa ni wake. Jina la Pang lilikuwa mwisho kabisa, kwa mstari mmoja: "Aliyewaonyesha ukuta ni mimi, Pang Delin." Wanrong aliusoma mstari ule amesimama, akatafuta kiti.

Wimbo ukaenea. Ukapigwa kwenye nyumba za chai, ukapigwa bustanini wazee wakinyoosha viungo, na mabinti wa shule ya jirani wakaukariri. Kila mahali ni pumzi moja na mbio, na kila mahali jina la baba yake. Aliusikia asubuhi akimenya vitunguu, akausikia jioni akianua nguo.

Mwaka wa tatu, siku ya kufagia makaburi, uvumilivu ukamwisha. Alipotoka kaburini kwa baba yake akamwita mwalimu Yu wa ile shule.

"Kaa hapo, mwanangu. Nilimdanganya marehemu Pang. Leo nakupa wenyewe."

Akapiga. Sehemu ya tatu ilipofika, mkono ukakimbia wenyewe. Akarudia, ukakimbia tena. Safari hii akauzuia, akahesabu pumzi tatu. Au zilikuwa nne? Kimya kilikuwa kimya tu, hakuna kilichoanguka. Akafumba macho amtafute baba yake, akasikia mabinti wa shule.

"Subiri, subiri kidogo," akasema, akaanza upya, jasho linamtoka.

Alipomaliza, mwalimu Yu akainuka kwa heshima, akamshika mikono yote miwili.

"Usijitie hofu bure, Bibi. Ni uleule wa kitabuni. Hujakosea hata mahali pamoja."