Herufi ya Mwisho

Bi Mahbuba alikuwa fundi wa kutarizi tangu Unguja, na kwa miaka yote aliyoishi Maskati hakuwahi kununua kitu kwenye duka la kwanza. Aliuliza bei Matrah, akapanda teksi hadi Ruwi akauliza tena, akarudi kwake Azaiba kupumzika, kesho yake akaendelea. Magoti yalipoanza kumuuma ikabidi aiache ada hiyo. Ndiyo maana mwaka 2008, cherehani yake ilipokufa katikati ya gauni la bibi harusi, alikaa siku mbili akiitazama tu.

Siku ya tatu alikuja Aya, binti wa kaka yake, aliyekuwa akifanya kazi benki. Akaweka kompyuta yake juu ya meza ya kukatia nguo, akaandika jina la cherehani ambayo shangazi yake alikuwa akiitamani, kisha akamwita asogee.

Bi Mahbuba akavaa miwani. Maduka kumi na moja yalikuwa yamejipanga kwenye kioo kama waumini kwenye safu, kila duka na bei yake, ya chini kabisa ikiwa juu na ya juu kabisa ikiwa chini. Mengine aliyajua, mbele ya mengine alipita miaka na miaka asijue kama yanauza cherehani. Akauliza ni nani aliyezunguka kote huko. Aya akamweleza kwamba maduka yenyewe hupeleka bei zao, na ukurasa ule huzikusanya.

"Subhanallah," alisema Bi Mahbuba taratibu. "Miaka thalathini na sita nnazifuata bei kwa miguu. Leo zimenifuata mimi."

Akanyoosha kidole akagusa kioo, kama anayepima uzito wa kitambaa.

Duka la kwanza lilikuwa bohari moja kule mtaa wa Ghala, riali mia moja na kumi na nane. Linalofuata lilikuwa hapo hapo Azaiba, kando ya barabara kuu, riali mia na hamsini na moja. Aya alikwisha kushika simu aagize ile ya Ghala. Shangazi yake akamzuia mkono.

"Mwanangu, kitambaa kikiwa rahisi kupita vyote sokoni, mimi hukigeuza kwanza nikatazama upande wa pili. Hiki kinageuzwaje?"

Aya akafikiri, kisha akabonyeza jina la cherehani ili maelezo yake yote yafunguke. Wakasoma mstari kwa mstari. Bei ya Ghala iliwekwa miezi minne nyuma. Halafu Bi Mahbuba, aliyezoea kuona uzi mmoja ulioruka katika mia, akaona kitu. Maduka kumi yaliandika jina lile lile; la Ghala lilikuwa na herufi moja zaidi mwishoni.

Wakapiga simu duka la Ghala. Akapokea mtu aitwaye Mahfoudh, naye hakuficha kitu alipoulizwa. Cherehani ile ilitengenezwa kwa umeme wa Amerika; ukiichomeka hapa bila transfoma ya kupunguza nguvu ya umeme, inaungua. Transfoma riali kumi na tisa, kuileta nyumbani riali sita, na dhamana yake haifanyi kazi Oman. Bei ya mtandaoni alisahau kuibadilisha. Sasa ni mia na thelathini.

Bi Mahbuba akajumlisha kichwani: mia na hamsini na tano, bila dhamana. Rahisi imekuwa ghali. Akaitazama ile herufi kwa muda mrefu, akastaajabu kwamba kitu kidogo namna ile kingeweza kumchomea cherehani.

Wakapigia maduka mengine matatu. Moja halikuwa nayo tena, la pili lilikuwa limepandisha. Duka la Azaiba likathibitisha bei yake, na muuzaji, aliposikia wamekwisha kulinganisha, akakubali kuileta bure pamoja na dhamana ya miaka mitatu. Hata hivyo Bi Mahbuba alikwenda dukani mwenyewe, akataka ichomekwe na ijaribiwe mbele yake, ndipo akalipa.

Gauni lilikwisha Jumatano, siku moja kabla ya harusi.

Aya alipokuja kuchukua kompyuta yake, alimkuta shangazi yake amekaa mbele ya kompyuta hiyo, mikono magotini, akisoma bei za uzi wa zari katika maduka tisa. Hakuwa akinunua. Alimwambia Aya akae kidogo, angoje, bado hajafika duka la saba.