Kitenzi cha Mate

Ofisi ya kamusi ilikuwa na sheria moja iliyowatoa watu jasho: tafsiri haipiti mpaka asomewe mtu asiyejua Kiingereza, naye aeleze alichoelewa. Mhariri wa herufi S alimtumia mama yake mzazi, mpishi mstaafu wa bweni la wasichana. Kwa miaka tisa mama huyo alikuwa akimkosoa bila kumwonea haya.

Sasa ilifika zamu ya kitenzi salivate. Mhariri aliandika: kujaa mate kinywani, hasa kwa kuona au kunusa chakula, pia, kutamani kitu mno. Halafu akafunga faili. Mionzi aliyopigwa mama shingoni ilikuwa imemaliza uvimbe, lakini ilikausha na mate. Kila tonge lilimkwama kama mchanga, na siku tatu hizi alikuwa amesusa kabisa. Daktari alishasema: asipokula mpaka kesho, atawekewa mpira wa kulishia. Mtu wa hali hiyo utamsomeaje maneno kama hayo? Ni kumtonesha kidonda tu.

Akatia sahihi kwenye fomu kana kwamba ameshamsomea. Ila uongo haukuwa fani yake. Jioni alipoingia chumbani kwa mama, uso ulimsaliti.

"Leo hunisomei? Au na masikio yangu yanaumwa?"

"Neno lenyewe si zuri, mama."

"Nimelisha mabinti mia mbili miaka thelathini, niogope neno? Hebu soma."

Akasoma, macho chini.

"Umekosea," alisema mama. "Umeandika kuona na kunusa. Kusikia umekuacha wapi? Mimi nilikuwa napita tu dirishani mwa darasa lao nawaambia, 'Leo nakaanga vitunguu mpaka viwe vyekundu, natia nyanya, naziacha ziive taratibu, kisha nakamulia ndimu.' Mwalimu mwenyewe alikuwa anasahau alichokuwa akifundisha."

Alisema kwa sauti ya kukwaruza, akipiga funda la maji kila baada ya maneno machache. Alipofika kwenye ndimu, mhariri alijikuta anameza mate.

"Umemeza. Nimeliona koo lako."

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini?" Akalamba midomo, akangoja. Machozi yakamlenga. "Mimi mate hayaji. Nilikuwa najijaribu hapa hapa nikiongea. Hakuna kitu, mwanangu."

Mhariri alimshika mkono. Aliogopa kama mtoto, na mama aliliona hilo vilevile.

"Kaongeze kusikia," alisema mama, akijifuta macho kwa upindo wa kanga. "Na unipikie uji, uwe mwepesi. Usingoje niutamani. Utatamani wewe, mimi nitakula."