Mkeka wa Daktari Kerisiano

Mkubwa akichukua cha watu huitwa mtafiti. Mdogo akichukua cha mama yake huitwa mwizi. Petaia hakufundishwa hayo darasani, maana darasa aliliacha mapema akaenda kulima magimbi. Alifundishwa katika chumba kimoja cha baridi cha Chuo Kikuu cha Vailoto, siku binti yake Lupesina alipohukumiwa.

Lupesina alisomea uuguzi. Alipewa kazi aandike jinsi wakunga wa kwao wanavyomhudumia mzazi, naye akaandika maneno aliyolelewa nayo: "Tumbo la mzazi liguse kama unamtolea mayai kuku aliyeatamia: asijue umefika, asijue umeondoka." Maneno ya marehemu mama yake hayo, Fuatino, aliyezalisha nusu ya kijiji. Mashine ya chuo, ile inayosaka maandishi ya kuiba, ikayasoma, ikapiga kelele: haya yamo kitabuni mwa Daktari Kerisiano, neno kwa neno!

Yamo, ndiyo. Kerisiano ni binamu yake Petaia. Zamani, Fuatino akiwa hai, alikuja na kinasa sauti chake, akakaa kwenye mkeka wa Fuatino, akala mashelisheli yake na samaki wa nazi, akamrekodi mpaka akatosheka. Akaenda zake. Kitabu kilipotoka, jina la Fuatino halikuwamo hata kwenye shukrani.

Siku ya kikao Petaia alivaa shati lake la kanisani. Alipofungua kinywa tu, mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani, alimwinulia kiganja.

"Mzee, wewe ni msindikizaji. Msindikizaji anakaa. Hasemi."

"Hata kama namjua mwizi?"

"Mzee, tafadhali."

Kerisiano alikuwa amekaa mkabala nao, upande wa wakubwa. Lupesina akamgeukia. "Baba mdogo, si ulimrekodi mama? Nilikuwepo, nilikuletea maji ya kunawa. Waambie basi."

Kerisiano akatazama dirisha. "Nilizungumza na wanawake wengi," alisema. "Siwezi kumkumbuka kila mmoja."

Wakamfukuza mtoto wa watu kwa mwaka mzima, na doa la wizi juu. Mwenyekiti akakusanya karatasi zake akasema, "Uamuzi huu ni wa mwisho." Lupesina alilia mpaka nyumbani. Petaia hakulia. Aliimeza kauli ile kama mtu aliyemeza mwiba, akaungoja utokee upande wa pili.

Haikupita miezi mingi, ukoo ukakutana kumpa Kerisiano jina la uchifu, Lealamanu, lililokuwa halina mtu tangu aliyekuwa nalo afe. Nguruwe wa sherehe walishafungwa kamba. Lakini kwetu jina halitoki mpaka kila tawi la ukoo liridhie, na msemaji wa tawi la pili ni nani? Petaia, na shule yake hiyo hiyo fupi.

"Tawi langu linakataa," alisema.

Kerisiano akaruka. "Kaka, hebu tuzungumze..."

"Daktari, hapa wewe ni msindikizaji. Msindikizaji anakaa. Hasemi."

Mtu akacheka, akajifanya anakohoa. Ndipo Petaia akawaeleza wazee wote habari ya kinasa sauti, na ya dirisha.

Asubuhi ya Jumamosi iliyofuata mbwa walibweka. Kerisiano alikuwa amepiga magoti uani, kati ya nyumba na kaburi la Fuatino, amejifunika mkeka wa fahari toka kichwani. Kwetu mwenye kosa akija hivyo, amejitoa mikononi mwako. Ukimfunua, umemsamehe. Usipomfunua, atakaa hapo hapo. Kando yake alikaa mama yake mzazi, Bi Seulele.

"Petaia mwanangu, mfunue mdogo wako. Mkeka huu niliolewa nao."

"Shangazi, wewe njoo ukae kivulini, unywe kakao. Huyo mwache."

Nyumba yenyewe ni ya nguzo tupu, haina kuta, kwa hiyo kila mtu aliona kila kitu: Petaia akinywa kakao yake polepole, jua likipanda, mkeka ukipumua. Majirani wakajaa barabarani.

"Anaiva huyo!"

"Mgeuzeni basi, upande mmoja utaungua."

Ilikuwa tamu. Asikudanganye mtu kwamba kisasi ni kichungu. Uchungu ulikuwa kule kwenye chumba cha baridi. Petaia akajimiminia kikombe cha pili.

"Baba," Lupesina alinong'ona, "anaumwa sukari huyo. Atatufia uani."

"Na mama yako alipokuwa anaumwa, huyu alikuja? Alituma kadi."

"Sasa akifa, nani atanisafishia jina langu?"

Hilo lilimwinua. Petaia akaenda mpaka kwenye mkeka, akachuchumaa. "Daktari. Tumbo la mzazi tuliguse vipi?"

Sauti kavu ikatoka chini: "Kama unamtolea mayai kuku aliyeatamia..."

"Nani alikufundisha?"

"Fuatino."

"Hawajasikia barabarani."

"Fuatino! Mkeo! Nilimkumbuka siku ile ile, kaka. Niliogopea kitabu changu."

"Lupesina, lete simu. Mpigie yule mwenye miwani."

Simu ikapitishwa chini ya mkeka, sauti ikiwa imefunguliwa ili wote wasikie. Kerisiano akasema yote, kuanzia kinasa sauti.

"Daktari," mwenyekiti aliuliza, "mbona unasikika kama uko pangoni?"

"Niko chini ya mkeka."

Mama yule naye ni wa visiwa hivi hivi. Hakuhitaji kuelezwa. "Basi mtoto arudi darasani Jumatatu," alisema. "Barua ya kumsafisha nitaiandika mimi mwenyewe, na kikao kitakaa tena. Safari hii kwa ajili yako."

Petaia akaufunua mkeka. Bi Seulele alilia, akambusu mikono. Kerisiano alitoka akiwa mwekundu kama kamba aliyechemshwa, akanywa maji kibuyu kizima, kisha tamaa ikamrudia.

"Asante, kaka. Sasa... lile jina?"

Petaia alikuwa ameshautandaza mkeka juu ya kaburi la Fuatino, anaunyoosha pembe.

"Nimekusamehe. Jina hupati. Nikiwa hai, hupati."

"Lakini si umenifunua!"

"Nimekufunua," Petaia alisema, bila kumtazama. "Uamuzi huu ni wa mwisho."

Jioni ile nguruwe wa sherehe walifunguliwa kamba.