Baraza za Batoul

Buti la mzungu liliacha alama kwenye chokaa mbichi. Alikuwa amesimama juu ya baraza ya jiwe, na kutoka hapo akatoa amri: baraza zote zinazozunguka Ofisi mpya ya Vizazi na Vifo ya Moroni zivunjwe kabla ya Ijumaa ijayo. Watu wakikaa huzungumza, alisema, na wakizungumza hupanga njama.

"Vyema, bwana," alijibu Batoul, msanifu wa jengo hilo.

Ndivyo alivyozoea kujibu. Alizaliwa Unguja, akasomea Misri, akaja Moroni kuolewa na Hamidou, mwalimu wa hesabu. Kwa miaka minne alikuwa amechora posta na zahanati za mji huo, na kila mwaka alipanga foleni kuomba kibali cha kuishi. Mgeni ni kuku mweupe. Kipanga humwona kwanza. Tangu mzungu huyo na wenzake, askari wa kukodiwa, walipoingia visiwani mwaka wa 1978, kipanga hakuwa mbali.

Siku mbili baadaye alikwenda Mutsamudu, katika kisiwa kingine, kuchagua mawe kwa Fundi Madi, mwashi mkongwe aliyejifunza Kiswahili akijenga Unguja. Walipokuwa wakipita vichochoro vya mji wa kale, Batoul alimsimulia yaliyomkuta.

"Na wewe ulisemaje, mwanangu?"

"Nilisema vyema."

Mzee hakumlaumu. Alisimama mbele ya nyumba iliyojengwa mtelemkoni, akagonga baraza yake kwa fimbo. "Unadhani waliiweka kwa ajili ya wapita njia tu? Huu ni mguu wa ukuta. Ukiukata, nyumba inalala."

Batoul aliinama, akatazama mawe marefu yaliyotoka barazani yakazama ukutani. Akaukumbuka ufa mwembamba wa ukuta wa jengo lake la Moroni, upande wa bondeni, uliojitokeza baada ya mvua za masika. Alikuwa amekusudia kuutibu kwa zege. Aliona haya, si kwa sababu ya ufa, bali kwa jinsi neno "vyema" lilivyomtoka upesi.

Kwenye ndege ya kurudi Moroni alichora upya. Kwa siku tatu yeye na waashi wake walitoboa ukuta, wakapenyeza mawe marefu, wakafunga kila baraza na msingi.

Ijumaa mzungu alirudi na askari wanne wenye nyundo. Batoul alimkabidhi mchoro, karatasi na kalamu.

"Sasa baraza hizi ndizo zinazoshikilia ukuta," alisema. "Anayetaka zivunjwe aandike kwamba ameamuru, na jengo likianguka ni juu yake."

"Wewe si wa hapa. Naweza kukupandisha ndege kesho."

"Unaweza. Sote wawili ni wa kuja, bwana. Ila mimi nimeliandika jina langu kwenye jengo hili. Andika lako."

Mtu yule, aliyeishi kwa majina ya kuazima, aliirudisha kalamu bila kuandika. Kisha akawaashiria askari wake wapande gari.

Kibali cha Batoul hakikutoka mwaka ule. Kila Jumatatu aliripoti polisi, na akitoka huko alikwenda kazini. Wachoraji wa wizara walianza kuiga baraza zake bila kumwuliza: shule ya Ikoni, kisha forodha ya Mutsamudu. Kila walipokosea vipimo aliwasahihisha, wala hakusema wazo lilikuwa la nani.

Ofisi ilipofunguliwa, aliingia na binti yake mchanga mgongoni, akangoja zamu kama wengine. Karani Maoulida aliandika jina la mtoto, la baba, la mama.

"Mama ni mwenyeji wa wapi?"

Batoul alifungua kinywa kusema Unguja. Lakini karani alikuwa ameshaandika Moroni, naye ameinamia daftari, anaupuliza wino ukauke.